Aliniambia Mimi Peke Yangu

Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa na miaka sita na mimi kumi na tano. Baba alikuwa ameshaondoka zamani. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, mimi ndiye niliyemchapa alipotoroka shule, na alipougua tetekuwanga nililala naye kitanda kimoja mpaka na mimi nikaugua. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa dada wa kawaida. Nilikuwa dada, nilikuwa mama, na siku nyingine baba.

Nafanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo. Tunafua mashuka ya hospitali, vitambaa vya meza vya mahoteli na makoti meupe ya madaktari. Mashine za kufulia ziko upande wa kushoto, karo refu la saruji la kusuuzia nguo nzito liko katikati, na kulia ziko mashine za pasi. Huko kulia ndiko kwangu. Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya mashine ile ile, na nikiweka kiganja juu ya shuka nakwambia kama pasi imepata moto wa kutosha au bado. Nyuma ya ukuta kuna chumba cha boila, unakotoka mvuke wa kiwanda kizima. Humo ndimo alimofanya kazi mdogo wangu. Kazi nilimwombea mimi. Wenzetu wanamwita Kamba kwa ajili ya wembamba wake, na mimi wananiita Dada Mkubwa, hata wale walionizidi umri.

Kisha Kamba akaoa.

Wifi yangu ni mwanamke mfupi, sauti yake ya chini, mtu wa kusikiliza mpaka umalize ndipo ajibu. Nilimtafuta kasoro mwaka mzima. Ukimtafuta mtu kasoro ukaikosa, unaanza kumchukia kwa kukupotezea muda. Haukupita muda naye akaajiriwa palepale, kwenye meza ya kukunjia mashuka. Zamani mimi na mdogo wangu tulikula chakula cha mchana pamoja, kwenye benchi la mlango wa nyuma. Sasa akawa anakula na mkewe. "Dada, njoo tusogee," alikuwa akiniita. "Nimeshiba," nilimjibu, na bakuli langu limejaa pomoni.

Msimu wa joto wa mwaka ule wakubwa wakaamua kumpeleka mtu mmoja mafunzo ya huduma ya kwanza. Mwaka uliotangulia mama mmoja alianguka kwenye mashine za kufulia, na sisi wote tukabaki tunazunguka kama kuku waliomwagiwa maji. Nilijua nitakwenda mimi. Nani mwingine? Nilishaitoa nguo yangu nzuri sandukuni. Siku ya kutangaza, msimamizi wetu akavaa miwani yake inayoning'inia kwa uzi, akasoma jina la wifi.

"Anasoma haraka, halafu hana papara," akasema.

Tukapiga makofi. Yangu ndiyo yaliyosikika zaidi. Mwenye wivu hupiga makofi kwa nguvu.

Alirudi baada ya siku tatu na kisanduku cheupe, kipimajoto, na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Akaibandika ukutani, juu ya mashine yangu. "Samahani wifi," akasema, "hapa ndipo penye joto zaidi." Kisha akatukusanya. Tunywe maji kikombe kila dakika ishirini, tusingoje kiu. Tutazame mkojo, ukiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, tumeshachelewa. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu, misuli ikimkakamaa, jasho likimtiririka kupita kiasi, atoke kwenye joto, alegeze nguo, apumzike, anywe kidogo kidogo. "Lakini ukimwona mwenzako anayumba, anaongea ovyo, hajui alipo, usimwambie akapumzike. Hapo ni kufa na kupona. Mpoze upesi, na uite gari la wagonjwa."

Walicheka, hasa habari ya mkojo. Kesho yake dereva wa gari la nguo, mtu asiyemheshimu hata mkwewe, akatoka chooni akatangaza, "Leo wangu umefaulu mtihani!" Wakacheka tena, ila vikombe vikaanza kutembea. Baada ya wiki mbili watu wakawa wanamwita Daktari. Mimi kuitwa Dada Mkubwa kulinichukua miaka.

Mdogo wangu, mkewe alimpangia utaratibu wake peke yake: kila nusu saa atoke chumba cha boila, akae mlango wa nyuma na kitambaa kibichi shingoni. Naye akatii. Nikimwona pale, kitambaa kimekunjwa vizuri na mkono ninaoujua, roho inaniuma kama nimeshika pasi.

Siku moja nikapita, dereva yupo na wengine wawili wapo. Nikasema kwa sauti, "Kamba, hebu tuambie, kwenu nani kamwoa mwenzake? Naona ukiamriwa tu unatoka mbio kama mtoto wa chekechea."

Wakaangua kicheko. Naye alicheka, lakini macho aliyainamisha. Tangu siku ile hakutoka tena. Mkewe alipomwuliza, alimjibu kwamba anapumzika humohumo ndani. Nilijua si kweli, nikanyamaza. Nilijiona kama mtu aliyerudishiwa kipande cha shamba lake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Feni ya chumba cha boila ilikuwa imeungua tangu Jumatatu, tukaambiwa tusubiri. Nje lami ilikuwa inanata kwenye soli. Na kama vile hiyo haitoshi, hoteli mbili zilileta vitambaa vyao vyote kwa mpigo. Saa sita mchana nikasikia mtu ananivuta mkono wa nguo kwa nyuma, vile alivyokuwa akinivuta mdogo wangu alipokuwa mtoto.

"Dada, njoo."

Akanipeleka nyuma ya makabati ya mashuka safi. Alikuwa ameloa kama aliyetoka kuogelea. Akaniambia kichwa kinamgonga, ametapika mara mbili, na miguu haimtii. Nikatazama vigimbi vya miguu yake, nikaona misuli inaruka chini ya ngozi kama vyura ndani ya mfuko.

"Usimwambie," akasema.

"Nani?" Nilijua nani. Nilitaka kulisikia.

"Mke wangu. Atanitoa kazini sasa hivi, watu waanze kunicheka tena. Wewe nikande tu, itapita."

Sitadanganya: maneno yale yaliniingia kama asali. Ana mke, ana daktari wa kiwanda kizima, lakini alipoumwa amekuja kwa nani? Nikamkalisha juu ya furushi, nikapiga magoti, nikamkanda. Nikampa nusu kikombe cha chai yangu. Karatasi ya wifi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale, na kila kilichoandikwa humo nilikijua kwa moyo, maana nilikuwa naangaliana nacho kutwa. Kichwa. Kutapika. Misuli. Jasho. Vyote vilikuwa mbele yangu, vimeketi juu ya furushi. Lakini kuifuata karatasi ile kulikuwa ni kukubali kwamba aliyeiandika amenizidi.

"Jikaze," nikamwambia. "Jioni si mbali."

Akarudi ndani. Mimi nikarudi kwenye pasi, nikaanza kuimba.

"Wifi, leo una furaha," akasema yeye kutoka meza ya pili.

"Mambo ya damu hayo," nikamjibu. "Huwezi kuyajua."

Akatabasamu, akaendelea kukunja.

Ilikuwa kama saa nane na nusu niliposikia mabadiliko mkononi. Niliweka kiganja juu ya shuka nikaliona vuguvugu. Mvuke ulikuwa unakwisha. Kamba hajawahi kuuachia mvuke ukafa, hata siku moja. Nikaenda kumtazama.

Nilimkuta amesimama mbele ya boila, amevaa koti lake zito la kazi, amelifunga mpaka shingoni na vifungo vimekwenda upande.

"Mama," akaniambia, "mbona umechelewa?"

Mungu anisamehe, moyo wangu ulifurahi kwanza. Halafu nikayaona macho yake. Yalinipita, yakatazama ukuta. Akaniambia mbuzi wameingia ndani na wanakula godoro. Hatujawahi kufuga mbuzi. Nikamgusa paji la uso. Joto nalijua kwa kiganja, ndiyo kazi yangu, na lile halikuwa joto la mtu. Jasho lilishakauka, limemwachia mistari myeupe ya chumvi shingoni.

Hapa ndipo nisipopenda kufika ninaposimulia. Nilijua wa kumwita, lakini sikumwita. Nikawaza: nitamtoa nje mwenyewe, nitammwagia maji mwenyewe, atapata nafuu, na hakuna atakayejua. Nikamshika mkono. Akanisukuma kwa nguvu nisizozijua, akapiga hatua mbili, magoti yakamwisha akaanguka. Mwili ukaanza kumtetemeka. Nilisimama kwa muda gani kabla ya kufungua mdomo? Sijui. Labda pumzi tatu, labda kumi. Hata ingekuwa moja, ilikuwa nyingi.

"Wifi! Wifi, njoo!"

Alikuja mbio, kiatu kimoja kimebaki njiani. Hakuniuliza kitu. Akampigia magoti, akasikiliza pumzi, akamwita, akamfinya bega.

"Msimamizi, ita gari la wagonjwa. Waambie ni joto, na hajitambui. Dereva, shika miguu. Wifi, kichwa. Twendeni kwenye karo."

Karo lilikuwa limejaa maji safi ya kusuuzia. Alilikwanyua lile koti, vifungo vikaruka mpaka chini ya mashine, akamvua shati na suruali. Wanawake wa mezani wakageuza nyuso. "Aibu mtaiona kesho!" akawafokea, yeye ambaye sijawahi kumsikia akifoka. "Mzamisheni mpaka shingoni!"

Mimi nikiwa nimeshika kichwa, akaniambia, "Pua na mdomo visiguse maji. Usimwachie hata akikupiga."

Dereva akakimbia duka la jirani akarudi na mifuko ya barafu, wakaimimina. Wifi aliingia karoni na nguo zake, akawa anayakoroga maji kwa mikono yote miwili, ili yale yanayopata joto yasimkalie mwilini. Msimamizi akaleta soda, ameshaifungua. "Hapana! Hajitambui, itaingia mapafuni." Mama mmoja akaleta vidonge vya maumivu. "Hii siyo homa, mama, vidonge haviishushi, vinaweza hata kumdhuru. Dawa ni maji haya." Mwingine akakumbuka kipimajoto. "Baadaye. Kwanza apoe."

Na nitasema ukweli wote: hata pale, kichwa cha mdogo wangu kikiwa mikononi mwangu kama nazi moto, niliona wivu. Mwili ule niliulea mimi. Najua kovu la gotini limetoka wapi. Lakini namna ya kuuokoa alikuwa anaijua yeye, na kila alipoweka mkono palinyooka.

Ikapita kama robo saa. Kwanza aliacha kutupa mikono. Halafu akaanza kutetemeka kwa baridi, baridi ya kweli, na macho yakaanza kutafuta mahali pa kutua.

"Unaitwa nani?" wifi akamwuliza.

Akalitaja jina lake.

"Uko wapi?"

"Kazini." Akafikiri kidogo. "Mbona niko kwenye karo?"

Watu wakacheka huku wanalia. Uso wangu ulikuwa juu ya uso wake kabisa. Mtu wa kwanza aliyemwona akifumbua macho ni mimi. Akanitazama, akanitambua, nikaona amenitambua. Akasema, "Mke wangu yuko wapi?"

"Niko hapa," wifi akajibu kutoka kwenye miguu.

Akafumba macho kama mtu aliyefika nyumbani. Mimi nikaendelea kushika kichwa. Nilikuwa nimeambiwa nisiachie.

Wale wa gari la wagonjwa walipofika walimpima, wakatazamana, wakasema aliyewahi kumtia majini ndiye aliyempa uhai. Tukapanda gari pamoja, wanawake wawili tumeloa chapachapa, tumekaa pande mbili za kitanda.

Hospitali daktari akafungua faili. "Dalili zilianza saa ngapi?"

"Saa nane na nusu, tulipoitwa," wifi akasema.

Ningeweza kukaa kimya kama maji mtungini. Hakuna aliyekuwa anajua isipokuwa mimi na mtu aliyelala na sindano mkononi. Lakini kalamu ya daktari ilikuwa inangoja.

"Saa sita," nikasema. "Kichwa kilimuuma, akatapika mara mbili, miguu ikamkakamaa. Aliniambia mimi."

Daktari akaandika, akasema basi figo zake zitaangaliwa kwa karibu zaidi. Wifi aligeuka polepole akanitazama. Tukatoka mpaka kwenye benchi la koridoni.

"Saa sita," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa meza ya pili."

"Ndiyo. Alinikataza nisikwambie. Na mimi nilifurahi kukatazwa." Nikamweleza na ile habari ya mlango wa nyuma, nani kamwoa mwenzake, kicheko cha akina dereva, yote. Nikangoja kofi. Ningelipokea.

Akakamua maji kwenye pindo la gauni lake.

"Miaka miwili naishi naye nyumba moja," akasema. "Hajawahi kuniambia hata jino linamuuma. Nikimwuliza, 'Niko salama.' Halafu nasikia kwako, mbele za watu, kwamba wiki iliyopita alikuwa na mafua, kwamba aliota ndoto mbaya. Unajua kwa nini niliwaomba wanipeleke yale mafunzo?"

"Uliomba?"

"Mara tatu. Nilitaka siku moja ahitaji kitu ambacho mimi ninacho na wewe huna." Akajifuta pua kwa mkono wa nguo. "Leo amekihitaji. Na bado amekuja kwako kwanza."

Mwaka mzima nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikila kwa uchungu.

"Sijakusamehe, wifi," akasema.

"Sijaomba bado."

"Basi omba."

Nikaomba, palepale, kwa maneno, si kwa kuinamisha kichwa tu.

"Nitafikiria," akasema.

Kamba alilala hospitali siku nne. Siku mbili za mwanzo mkojo ulikuwa kama chai, kisha ukaanza kutakata, na daktari akatuonya kwamba mtu aliyepigwa na joto namna ile hupigwa tena kwa urahisi. Asikaribie boila kwa wiki kadhaa. Nilimwendea msimamizi nikamweleza kila kitu. Nilipata barua ya onyo, na niliistahili. Yeye naye hakujitetea kuhusu feni. Ilitengenezwa kesho yake, na ikawa amri kwamba mtu wa boila apokewe kila nusu saa, atake asitake.

Mdogo wangu alisikia nimejitaja. "Dada, si mimi ndiye niliyekuomba usiseme?"

"Na mimi ni mkubwa," nikamjibu. "Ungeniomba kisu ningekupa?"

Wiki ya pili nilimfuata wifi mezani pake, nikamwomba anifundishe. Hakunirahisishia. Alinikalisha kwenye benchi mchana, mbele ya kila mtu, akanihoji kama mwalimu mkali.

"Mgonjwa anaongea vizuri, ila kichwa kinamuuma na jasho linamtoka?"

"Namtoa kwenye joto, namlaza, nainua miguu, nalegeza nguo, nampepea kwa kitambaa kibichi. Namnywesha kidogo kidogo."

"Asipopata nafuu nusu saa?"

"Hospitali."

"Anaongea ovyo?"

"Napiga simu, namtia majini upesi, simpi kitu mdomoni."

"Na akikwambia ni siri?"

Watu walikuwa wanatafuna huku wanatutazama.

"Wifi, nimekuuliza."

"Hakuna siri," nikasema.

"Haya. Rudia tangu mwanzo."

Hatukuwa marafiki wa chanda na pete. Siku nyingine alinipita bila salamu, na nilimwelewa. Siku nyingine nilimwona anampa mdogo wangu kikombe, nikahesabu sekunde alizomtazama usoni. Mambo hayo hayatoki kwa siku moja.

Mwezi uliofuata mama mmoja mgeni kwenye pasi aliegemea mashine, akasema anaona nyotanyota. Nilizima yake na yangu. Nikamtembeza mpaka mlango wa nyuma, nikamlaza, nikaweka furushi chini ya miguu yake, nikamfungua kola, nikamwuliza anaitwa nani na leo siku gani. Alijibu vyote sawasawa, hata akanung'unika kwamba maswali ni mengi. Nikamchanganyia maji ya chumvi na sukari, nikampa kwa funda moja moja. Wifi akaja na kisanduku chake. Alisimama, akatazama miguu, akatazama kola, akatazama kikombe. Kisha akageuka akaenda zake bila kugusa kitu.

Sifa kubwa kuliko ile sijapata kupewa. Nikatamani mdogo wangu angeona. Nikainua macho: alikuwepo, amesimama mlangoni, ameona yote tangu mwanzo. Lakini sasa hivi alikuwa amegeuza shingo, anamtazama mkewe anavyorudi kwenye meza yake.

Nikamwinulia yule mama kikombe tena.

"Kidogo kidogo," nikamwambia.